Baba Amefurahi: Amrish Puri, Adui Tuliyemjua Nyumbani

Mwaka 1995 mwigizaji wa India Amrish Puri alikutana na Shah Rukh Khan na Kajol mara mbili mbele ya kamera. Januari ilitoka Karan Arjun, naye humo ni Durjan Singh, kabaila anayeua ndugu wawili kwa ajili ya mali ya ukoo na kumwacha mama yao akimlilia mungu wa kike Kali hekaluni. Oktoba ikatoka Dilwale Dulhania Le Jayenge, na safari hii ni Baldev Singh, mwenye duka mjini London, baba wa mabinti wawili, mtu wa kulisha njiwa asubuhi na kuikumbuka Punjab. Wa kwanza, masteringi wanamuua. Wa pili, steringi anakwenda kumwomba binti. Niliwahi kuzitazama picha hizo mbili usiku mmoja, moja baada ya nyingine, na nilipofika katikati ya ile ya pili nikajikuta nasubiri Baldev amuue mtu. Macho yalikuwa yale yale, na sauti ile ile ya kutokea kifuani. Hata namna ya kusimama mlangoni kabla ya kuingia haikubadilika.

Tumezoea kumwita mfalme wa maadui wa sinema ya Kihindi, na sina ugomvi na cheo hicho. Ila nadhani kinampunja. Katika filamu zake zaidi ya 400, yapo majambazi, wachawi, majenerali, mawaziri, makabaila na mababa, lakini ukiwavua nguo za kazi wanabaki mtu mmoja: mwanamume ambaye hajawahi kuambiwa "hapana" na watu anaokula nao sahani moja. Huyo mtu hatukuhitaji kwenda sinema kumjua. Ndiyo maana alitutisha.

Njia yake ya kufika huko ilikuwa ndefu. Alizaliwa Nawanshahr, Punjab, tarehe 22 Juni 1932. Kaka zake, Chaman na Madan, walimtangulia Bombay na kuingia kwenye filamu. Madan Puri mwenyewe alikuwa adui wa kutegemewa, yule ambaye ukimwona tu unajua bandarini kuna mzigo wa magendo unashushwa. Amrish akafuata nyayo, akajaribiwa mbele ya kamera, akafeli. Basi akafanya kile ambacho mzazi yeyote wa kwetu angemshauri: akatafuta kazi ya serikali. Akaajiriwa na shirika la umma la bima ya wafanyakazi, akakaa humo kwa takribani miaka 20, na humo humo akampata mkewe, Urmila.

Wasimulizi wengi huipita miaka hiyo haraka, kama vile alikuwa anasubiri basi. Mimi naiona ndiyo shule yenyewe. Aliyekaa miaka 20 kwenye ofisi ya umma ameshaona jinsi mkubwa anavyoingia chumbani. Mkubwa wa kweli hapandishi sauti. Anasoma faili huku aliyelileta kasimama. Anauliza jambo ambalo jibu lake analo tayari. Anakuacha umalize sentensi yako, halafu ananyamaza kidogo zaidi ya unavyoweza kuvumilia, na wewe mwenyewe unaanza kujirekebisha. Mtazame Puri akisikiliza, katika filamu yoyote ile. Waigizaji wengi wa kazi hiyo hujulikana kwa wanavyosema. Yeye anatisha zaidi mwenzake anapokuwa anaongea.

Jioni, mafaili yakishafungwa, alikuwa jukwaani. Alifanya kazi na waongozaji wa michezo, Ebrahim Alkazi, kisha Satyadev Dubey, ambaye Puri alimheshimu kama guru ingawa Dubey alikuwa mdogo kwake kwa miaka minne. Pamoja na Dubey ndipo alipoigiza Adhe Adhure, mchezo wa Mohan Rakesh wa mwaka 1969, na hapa naomba tusimame kidogo. Mchezo huo una mke aliyechoka na nyumba yake, na kuna wanaume wanne wanaopita maishani mwake: mume asiye na kazi, bosi wa ofisini, mpenzi wa zamani, na rafiki wa mume. Mwandishi ameagiza kwamba wote wanne waigizwe na mtu mmoja. Anabadilisha koti, anabadilisha sigara, anabadilisha mwendo, anarudi. Mwanamke anaona wanaume wanne, mtazamaji anaona mmoja.

Sijui mwigizaji mwingine aliyepewa ramani ya maisha yake yote ya kazi mapema namna ile. Mwaka 1979 akatunukiwa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, heshima kubwa ya kitaifa kwa watu wa jukwaa. Kwa wakati huo umma wa watazamaji wa picha za nyimbo na ngumi ulikuwa haujamjua sawasawa.

Aliyemwingiza kwenye filamu kwa uzito ni mwongozaji Shyam Benegal. Katika Nishant (1975) Puri ni kaka mkubwa wa familia ya kabaila kijijini, miaka ya mwisho ya ukoloni. Wadogo zake ndio wanaomteka mke wa mwalimu. Yeye mkubwa mara nyingi hana haja ya kunyanyuka kitini. Katika Manthan (1976), filamu iliyogharimiwa na wafugaji 500,000 wa Gujarat kwa kuchanga rupia mbili mbili, yeye ndiye mnunuzi wa maziwa anayewapunja wanakijiji kwa maneno matamu ya mtu mzima. Hizo ni nzuri. Lakini kama una jioni moja tu ya kumtolea Amrish Puri, tafuta Bhumika ya 1977.

Humo Smita Patil ni Usha, mwigizaji maarufu aliyechoshwa na mume mnyonyaji na wapenzi wasiotimiza ahadi. Anakutana na tajiri mmoja, Vinayak Kale. Ni Puri huyo, mtulivu, mstaarabu, msemaji wa polepole. Anamchukua hadi kwenye jumba lake la shamba. Kuna mama mkwe, kuna mtoto wa kiume, kuna mke wa kwanza mgonjwa kitandani, na hakuna anayegombana na mtu. Usha anavaa sari za heshima, anashika jiko, na kwa mara ya kwanza anaonekana kupumua. Halafu siku moja anataka kumpeleka mtoto kwenye maonyesho ya kijijini, na ndipo anapoambiwa kwamba wanawake wa nyumba ile hawatoki nje.

Namna Puri anavyoicheza kauli hiyo ni ya kusomea. Hakuna kofi, hakuna jicho la kutoka, hakuna muziki wa kishindo. Kale hata haoni kama amemnyima mtu kitu. Anaeleza utaratibu wa nyumba kama unavyomweleza mgeni choo kiko upande gani. Na anashangaa, kwa dhati kabisa, kwamba kuna swali la pili. Usha anaishia kumwandikia mume wake yule yule aliyemkimbia, aje na polisi kumtoa. Anapoondoka, mke mgonjwa anamwambia kutoka kitandani kwamba majiko hubadilika na vitanda hubadilika, na vinyago vya wanaume navyo hubadilika, ila wanaume wenyewe hawabadiliki. Ni kama sentensi iliyotoroka kutoka Adhe Adhure.

Kale ndiye adui mkubwa kuliko wote aliowahi kuigiza, na hamgusi mtu hata kwa kidole.

Miaka sita baadaye, katika Ardh Satya ya Govind Nihalani, anaigiza askari mstaafu wa cheo cha chini, baba wa inspekta anayechezwa na Om Puri. (Hawana undugu, ingawa hata huku kwetu watu wameapa kwamba ni kaka na mdogo wake.) Adui rasmi wa filamu hiyo ni bwana mmoja wa mtaa mwenye wanasiasa mfukoni. Lakini hasira inayomla inspekta ilipandwa nyumbani, na baba aliyempiga mama mbele ya mtoto, na ambaye baadaye akamwamulia mtoto huyo kazi. Puri anamcheza mzee huyo bila kuomba huruma na bila kumgeuza zimwi. Ni mzee tu, kwenye kiti chake.

Hollywood nitaipita haraka, kwa sababu ilimpita haraka. Steven Spielberg alimchukua kuwa Mola Ram, kuhani anayeng'oa watu mioyo, katika filamu ya pili ya Indiana Jones iliyotoka 1984. Serikali ya India ilikataa ipigiwe nchini mwake, wakahamia Sri Lanka, na hadi leo Wahindi wengi wanaiona kuwa ni dhihaka. Wako sawa. Puri alinyoa kichwa kwa ajili ya kazi hiyo na akaamua kubaki na upara, jambo lililomfaa mno. Nje ya India na nje ya mitaa yetu hiyo ndiyo sura yake inayofahamika, na kwangu ndiyo iliyo nyembamba kuliko zote. Mola Ram ana pango, ana moto, ana wafuasi. Hana nyumba. Hakuna anayemwogopa kwa kumpenda.

Sasa Mogambo, adui aliyemwigiza katika Mr. India.

Kwanza jina lenyewe, maana msomaji wa Kiswahili ana haki ya kucheka. Mwaka 1953 Hollywood ilitoa filamu iitwayo Mogambo, iliyopigwa Kenya, Uganda na Tanganyika, ikiwa na Clark Gable na Ava Gardner, na watu wakaambiwa eti neno hilo ni la Kiswahili na maana yake ni mapenzi makali. Mtayarishaji alikuwa amelitohoa kutoka jina la klabu ya usiku ya Hollywood, Mocambo. Sisi neno letu la karibu ni mgambo, na kwa mtoto wa Tanzania aliyesikia jamaa la kutisha lenye sare linaitwa "Mgambo", wala haikuhitaji maelezo. Wamachinga ndio wangeweza kuandika tafsiri bora ya filamu ile.

Mr. India ya Shekhar Kapur ilitoka 1987, imeandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, wale wale walioandika Sholay. Ulinganisho na Gabbar Singh, jambazi wa Sholay, haukwepeki, na kila mara naona watu wanaufanya vibaya, kana kwamba ni suala la nani ana kicheko kikubwa. Gabbar wa Amjad Khan ni zimwi la nje. Anaishi kwenye majabali, anashuka kijijini kuchukua nafaka, na mwenyewe anajisifu kwamba akina mama huwatisha watoto kwa jina lake ili walale. Atakuja. Ndiyo tisho lake lote: kuna siku atakuja.

Mogambo haji popote. Yupo tayari, amekaa. Wanaokwenda na kurudi ni wengine, wakimletea habari, na kila habari inapimwa kwa kipimo kimoja tu: imemfurahisha au haikumfurahisha. "Mogambo khush hua." Mogambo amefurahi. Watu wameirudia sentensi hiyo kwa karibu miaka 40 kama mzaha, nami niliirudia sana, kabla sijajiuliza kwa nini mtu ajizungumzie kana kwamba hayupo chumbani. Kisha nikakumbuka ni nani huzungumza hivyo. Ni mama, jikoni, akiwapa watoto hali ya hewa ya siku hiyo. Baba amefurahi, nendeni mkamwombe hela ya daftari. Baba amechoka, zimeni redio. Baba kakasirika, piteni mlango wa nyuma. Mogambo amejifanya mwenyewe kuwa ndiye mtoa taarifa wa hali yake, na pango zima, pamoja na askari, wanasayansi na wageni kutoka nje, linaishi kwa kusikiliza taarifa hiyo. Anapowaamuru askari wajitose kwenye bwawa la tindikali, nao wanajitosa huku wakimsifu, kinachonisisimua ni uso wa Puri. Hana ukatili usoni. Ana ile raha ndogo ya mtu aliyetengewa chakula kwa wakati.

Akiwa na wigi la rangi ya dhahabu na koti la kijeshi lililojaa nakshi, mwigizaji mwingine angekuwa kichekesho. Kwa kweli na yeye ni kichekesho. Lakini chini ya wigi amekaa Kale wa Bhumika, na Kale hacheki.

Nisije nikaonekana mshabiki asiye na macho. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Puri alikubali kazi nyingi mno, na nyingi ni takataka. Ziko picha ambazo wigi limefanya kazi kuliko mwigizaji. General Dong wa Tahalka (1992), mtawala wa nchi ya kubuni, ni Mogambo aliyepigwa fotokopi hadi wino ukaisha. Hata hivyo, katikati ya wingi huo ukimpa nyumba ya kuingia anaamka. Nagina ya 1986 wengi wetu tunaikumbuka kwa Sridevi na dansi ya nyoka, lakini angalia yule mganga Bhairon Nath anavyoingia kwenye jumba la watu, anavyokaa, anavyomfanya mama mwenye nyumba aanze kumwogopa mkwe wake mwenyewe. Ni mgeni, na ndani ya dakika chache ndiye anayeamua nani alale wapi.

Ndipo mambo yakabadilika. India ilifungua uchumi wake mwaka 1991, na sinema yake ikabadilika pamoja nao: picha kubwa za katikati ya muongo ule zikahamia kwenye harusi, sebule za marumaru na Wahindi waishio Ulaya. Mapango yakafungwa. Wauzaji wa magendo, waliokuwa wameilisha sinema ya Kihindi kwa miaka 20, wakaanza kukosa ajira. Wenzake wengi wa zamani wakabaki wakiigiza vichekesho au polisi. Puri hakutikisika, na sababu naiona wazi. Waandishi walipoondoa jambazi walihitaji kitu kingine cha kuwazuia wapenzi wasioane, na kitu hicho kilikuwa baba. Kazi ikamfuata nyumbani.

Hata tuzo zinasema hivyo. Filmfare walimpa tatu, zote za mwigizaji msaidizi. Ya kwanza ni ya Meri Jung (1985), ambako ni mwanasheria katili. Mbili zilizofuata ni za mababa: mzee mgonjwa wa Ghatak (1996), ambaye safari hii ndiye anayedhalilishwa na adui, na mkuu wa ukoo katika Virasat (1997) anayejaribu kumrithisha mwanawe busara badala ya ugomvi. Mwaka huo huo wa 1997, katika Chachi 420, akajikejeli mwenyewe: tajiri mwenye majivuno anayemzimikia yaya wa mjukuu wake, bila kujua kwamba yaya huyo ni mkwe wake wa zamani, Kamal Haasan, ndani ya sari. Kumwona Durjan Singh akijitengeneza mbele ya kioo ni dawa. Na mwaka 2001, katika Gadar, akarudi kwenye umbo la zamani akiwa meya wa Lahore anayemkataza binti yake asirudi kwa mumewe ng'ambo ya mpaka. Watu waliizungumza filamu ile kama vita ya nchi mbili. Ukimfuata Puri peke yake, ni habari ya mzee aliyefunga mlango.

Alifariki Mumbai tarehe 12 Januari 2005, akiwa na miaka 72.

Narudi kwa Baldev Singh, kwa sababu huyo ndiye anayekaribia Kale kuliko wengine wote, na ni vigumu zaidi kwa kuwa tunatakiwa tumpende. Mapema katika filamu mama na mabinti wanacheza muziki sebuleni. Baba anarudi, muziki unakatwa, kila mtu anajipanga. Hakuna anayeeleza kwa nini. Wala Baldev hajawahi kumpiga mtu pale. Tena ni mtu mwenye huba: baadaye, kijijini Punjab, anamwimbia mkewe wimbo wa zamani mbele ya watu, na mke anaona haya kama bibi harusi. Puri hakuvificha vitu hivyo viwili kimoja nyuma ya kingine. Upendo ni wa kweli na muziki bado unakatwa.

Mara yangu ya kwanza kuiona ilikuwa kwenye kibanda cha video Tanga, miaka ile watafsiri wa picha, akina Lufufu, walipokuwa wameshatuzoesha picha za Kihindi zenye Kiswahili juu yake. Mtafsiri wetu alikuwa kijana wa hapo hapo mtaani, ameshika maiki, na alitafsiri kila kitu, hadi nyimbo, hadi yasiyosemwa. Tukafika mwisho: stesheni, treni inaondoka, steringi kasimama mlangoni mwa behewa damu zinamtoka, binti anavutana, na mkono wa baba umemshika kifundo cha mkono. Puri anamtazama binti, anamtazama kijana, na kwa muda mrefu hafanyi lolote. Kisha vidole vinaachia, na anamwambia aende akaishi maisha yake.

Kwa Kihindi ni maneno ya huruma. Mtafsiri, ambaye jioni nzima hakunyamaza, aliyafupisha.

"Haya," akasema. "Nenda."

Kibanda kizima kikapiga kelele za furaha. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na kapu la sokoni mapajani akasonya. "Sasa si angesema tangu asubuhi," akasema, "mtoto wa watu asipigwe."